Ijumaa Ni Siku Yake ya Kula

Neno la mwisho aliloniambia mume wangu lilihusu nyoka. Alikuwa amelazwa kwa ajili ya moyo, na mchana ule daktari alikuwa amesema hali si mbaya. Saa za kutazama wagonjwa zilikuwa zimekwisha, mimi nimeshavaa koti. Akanishika mkono wa koti, akasema, "Ijumaa ni siku yake ya kula. Usisahau." Nikamwambia sawa, kesho tutaonana. Nikapanda tramu nikarudi nyumbani kwetu Laeken, huku Ubelgiji, nikala wali uliobaki mchana, nikalala. Alfajiri wakapiga simu.

Msibani watu waliuliza, kama ilivyo kawaida yetu, alitamka nini mwisho. Kila mmoja alitaka kusikia shahada. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, akajibu kwa niaba yangu kwamba kaka yake alikuwa mtu wa dini tangu utotoni kwao Buyenzi na hapana shaka alitamka. Wakaitikia wote. Sikuwa na nguvu ya kusema kwamba alizungumzia chakula cha nyoka.

Nyoka mwenyewe alifika kwetu wakati wa kiangazi. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiishi ghorofa ya chini yetu alipata chuo ng'ambo, akamwomba mume wangu amtunzie kwa wiki mbili mpaka apate wa kumchukua. Mume wangu alikuwa dereva wa basi mstaafu. Maisha yake yote alikuwa akiwafungulia watu mlango, na kusema hapana hakukujua. Wiki mbili zikapita, mwanafunzi akabadilisha namba ya simu, chatu akabaki sebuleni kwetu nyuma ya kochi, ndani ya kabati la kioo.

Ni chatu mdogo. Wabelgiji wanamwita python royal, na hata akinyooka hafiki urefu wa kanga. Ana mabaka ya kahawia iliyokolea juu ya rangi ya chai ya maziwa. Hang'ati ovyo. Akiogopa hujikunja akawa donge, kichwa amekificha katikati, na hapo humfanyi lolote mpaka atakapoamua mwenyewe. Nilipomwona mara ya kwanza nilisema nyumba hii itakaa mimi au yeye. Mume wangu akafikiri kidogo, akasema, "Basi mama, chagua chumba chako kabisa, sisi wawili tutalala sebuleni." Nikacheka, na kwa kucheka kule nikawa nimeshindwa.

Tulikubaliana jambo moja tu: mimi sitaki kuona panya. Mume wangu aliwanunua wakiwa wamegandishwa kutoka duka la wanyama, akawaweka kwenye friza ndani ya kopo la aiskrimu, chini ya samaki. Kila Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, alifunga mlango wa sebule. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia mashine ikivuma kwa muda, nikajua anafyonza makumbi ya nazi aliyoyamwaga, maana nyoka yule hutandikiwa makumbi yaliyosagwa. Kisha mvumo unakatika, kinapita kimya, halafu mlango unafunguka na sauti yake inasema, "Mama, tayari. Chai." Ndivyo zilivyokuwa Ijumaa zetu, na sikuziona kuwa kitu.

Kwetu nyumba ya msiba haikai viti. Wifi alipofika tu kutoka Berchem-Sainte-Agathe, kabla hata hajavua viatu, aliamuru kochi litolewe lipelekwe koridoni na mikeka itandikwe. Wanaume wanne wakalibeba kabati la kioo kwa bismillahi, shingo wamezigeuzia pembeni, wakalipeleka chumba kidogo cha nyuma. Zamani kilikuwa cha watoto. Watoto wetu sasa ni watu wazima, wako Kanada, na chumba kile ni cha masanduku tu, hatuwashi hata hita. Extension iliyokuwa ikipeleka umeme kwenye kabati ilihitajika kwa birika kubwa la chai. Wakaichukua. Nilikuwa nimeketi pale pale, naangalia. Niliona plagi ikichomolewa, nikaona birika likiwekwa, wala kichwani mwangu havikukutana.

Nikaingia eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi bila kujipamba, bila manukato, bila kutoka nje pasipo dharura. Imamu alisema kazi yangu ni dharura, ilimradi nirudi kulala nyumbani kwangu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Uccle. Nawaogesha, nawabadilisha, nawalisha. Kwa hiyo baada ya matanga nilikwenda kazini asubuhi, nikarudi jioni, nikavaa nguo zangu nyeupe, nikaketi.

Sikulia. Wanawake walinisubiri nilie, najua. Walinishika kichwa, wakanipapasa mgongo, wakaanza wao ili nifuatie. Ilikuwa kama ile ganzi ya daktari wa meno: unajua shavu lipo, ukiligusa kwa kidole unalikuta, lakini si lako. Walinipa ndizi, wakanipa wali, wakaniambia kula hata vijiko viwili. Nilikula viwili, kwa kuwa walisema viwili.

Ijumaa ya kwanza niliikumbuka. Sebuleni watu walikuwa wakisoma Yasini. Nikaenda jikoni, nikatoa kopo la aiskrimu, nikamtia panya mmoja kwenye bakuli la maji ya moto kama nilivyodhani inafanywa. Wifi akaingia na sinia la vikombe.

"Iko nini ndani ya hiyo bakuli?"

"Panya."

Akaweka sinia chini. "Panya?"

"Wa nyoka."

"Watu wanasoma Yasini pale, na wewe unapika panya."

"Sipiki. Nayeyusha barafu."

"Ah bon," akasema wifi. "Donc iko sawa, kama haupiki."

Nikampeleka panya chumba cha nyuma kwa koleo ndefu ya mume wangu. Chatu alikuwa ndani ya kijumba chake cha kujifichia, amejikunja donge. Nikamtikisia panya mlangoni. Hakutoka. Nikamwacha panya pale mpaka asubuhi, nikamkuta amevimba na ananuka, nikamtupa. Jioni nikajaribu tena, na kesho yake tena. Nilijaribu hata kipande cha kuku kutoka kwa mchinjaji wetu, wa halali kabisa. Nilipiga magoti mbele ya kioo nikasema, "Kula, hata kidogo." Ndiyo adabu tuliyofundishwa: mgeni akikataa unamkaribisha tena, akikataa unamkaribisha tena, mpaka aone haya. Nyoka hana haya.

Hapo ndipo jambo lilipoanza kunikaa. Sisemi kunisumbua, maana hakuna kilichokuwa kikinisumbua wakati ule. Nilikuwa nalijua tu, kama unavyojua anwani yako. Mume wangu hakuniachia wasia wala deni wala siri. Aliniachia sentensi moja, na sentensi yenyewe ilikuwa nimlishe huyu. Kazi yangu ya kila siku ni kulisha. Nina wazee wanaokaza meno kama mlango wa benki, nami huwa nawagusa mdomo wa chini kwa kijiko, nawasemesha habari za mvua, na wanakula. Huyu hakula. Kama angenifia kwa njaa, ningekuwa nimeshindwa hata na lile moja dogo nililoombwa.

Siku za msiba zilipopita na nyumba ikawa yangu peke yangu, nilipiga simu kwenye lile duka la wanyama. Namba ilikuwa imebandikwa kwenye mfuko wa panya. Akapokea mwanamume ambaye Kifaransa chake kilinifanya nimjaribu kwa Kiswahili. Alikuwa mtu wa Lubumbashi.

"Maman, niambie, ile terrarium iko na joto ngapi?"

Nikasema sijui.

"Gusa kioo."

Nikaenda na simu, nikagusa. Kilikuwa cha baridi kama dirisha. Nikainama nyuma ya kabati, nikaona waya wa mkeka wa umeme, ule unaowekwa chini ya kabati kulipasha joto, umelala sakafuni, plagi yake haijachomekwa popote. Nikakumbuka birika la chai. Birika lilikuwa limesharudi kwa mwenyewe siku nyingi.

"Maman? Uko pale?"

"Hakuna umeme," nikasema. "Ulichomolewa msibani."

"Msiba ya nani?"

"Ya mwenye nyoka."

Kisha akasema, "Pole sana, maman. Nilikuwa namujua. Muntu wa kucheka cheka." Halafu, kwa upole, kama anayesoma dawa kwa mgonjwa: "Sikia. Nyoka haina joto yake. Joto yake ni ile unamupatia. Kama iko na baridi, tumbo inalala, na hata ikikula itatapika. Upande moya weka joto ya thelathini na mbili, upande mwengine ishirini na sita, achague mwenyewe. Maji safi. Kijumba cha kujificha huku na huku. Na usimuonyeshe chakula kila siku, maman. Unamuchokesha. Mara moya kwa semaine. Ikikataa, toa, funga, enda zako."

"Amekaa bila kula wiki nyingi."

"Python royal anaweza kukaa miezi minne, hata mitano. Pas grave, kama hakonde sana. Umupime. Ukiona mufupa ya mugongo inatoka, umulete kwetu, tutamuchukua. Na panya akuwe moto, maman. Moto, siyo tiède, siyo vuguvugu. Bwana yako alikuwa na système yake."

Sikuuliza système gani. Wakati ule sikuwa nauliza kitu.

Nikachomeka waya. Niliona aibu, au niseme nilitambua kwamba hapa ndipo mtu huona aibu. Wale wanaume walimbeba kwa bismillahi, sisi wanawake tukamnyang'anya moto tupikie chai ya watu waliokuja kumlilia bwana wake, na mimi nilikuwa nimeketi mbele yake nikimsihi ale.

Basi nikajifunza. Sijui kama nilipenda, lakini jioni ni ndefu kwa mjane. Nilijifunza kwamba makumbi yanatakiwa yawe na unyevu kidogo, si kuloa. Nilijifunza kunyunyiza maji kwa chupa niliyokuwa nikipigia pasi, na kubadilisha bakuli lake la kunywea kila siku kwa sababu hupenda kulichafua. Nilijifunza kumshika: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya tumbo, bila kumkaba, na kusubiri. Ni mzito kuliko anavyoonekana, na ngozi yake ni kavu na laini, si ya ute kama nilivyokuwa nikiamini maisha yangu yote. Nilimpima kwenye mizani ya jikoni, ndani ya bakuli la unga ambalo sasa halitumiki tena kwa unga. Uzito ulishuka. Wiki iliyofuata ulishuka tena, kidogo. Kila Ijumaa nilimtia panya maji ya moto, nikamkausha kwa karatasi, nikamwonyesha. Sasa alikuwa akitoa kichwa nje ya kijumba. Ulimi ulitoka ukarudi, ukatoka ukarudi. Alimtazama panya, nami nikamtazama yeye. Halafu alirudi ndani taratibu, kama mtu aliyekosea mlango.

Wifi alikuja kila Jumapili na chakula kwenye vyombo. Ni mwanamke mwenye sauti, aliyemlea mume wangu mama yao alipofariki, na hajawahi kunisamehe kwa kumchukua. Alikuwa akienda moja kwa moja chumba cha nyuma, anasimama mlangoni bila kuingia.

"Na leo?"

"Hajala."

"Iko dume ao jike?"

"Dume."

Akanigeukia. "Donc wewe uko ndani ya eda, na unakaa na mwanaume."

Sikucheka, lakini nilijua kwamba ni la kuchekesha, na nilijua nani angelicheka mpaka akohoe.

Jumapili nyingine alikuja na jambo zito zaidi. Wazee wa kwetu husema nyoka wa ndani ya nyumba huenda akawa jini, na kabla ya kumdhuru unamwonya mara tatu aondoke mwenyewe. Wifi akavaa mtandio vizuri, akasimama mbele ya kioo kwa mara ya kwanza, akasema kwa sauti ya msikitini, "Kama wewe ni kiumbe cha Mungu unayesikia, tunakuomba kwa jina Lake utoke ndani ya hii nyumba." Akarudia. Mara ya tatu chatu akatoa ulimi.

"Hawezi kutoka, wifi," nikasema. "Kabati limefungwa kwa ufunguo."

"Basi fungua."

"Aende wapi? Nje ni barafu."

Akaketi juu ya sanduku, amechoka. Nikaona jinsi alivyozeeka tangu msiba. "Wifi, mi nakuambia kweli," akasema. "Sipendi kuona hii kitu inabaki na kaka yangu habaki. Siku utatoka eda, na yeye atoke. Umupigie ule mutu wa duka, akuye amuchukue. Tumeelewana?"

Nikasema kama atakuwa bado hajala, sawa. Lilikuwa jambo la haki. Mtu wa duka ana uzoefu, mimi sina. Nikampigia, tukapanga aje Jumamosi, siku moja kabla sijatoka eda. Nilipokata simu nilisimama koridoni kwa muda mrefu nikisubiri kusikia uchungu. Nilisikia jokofu.

Siku zilipokuwa zinakaribia kwisha, macho ya chatu yakageuka rangi ya maziwa. Nikadhani ndiyo anakufa. Mtu wa Lubumbashi akasema hapana, anajiandaa kuvua ngozi, nimwongezee unyevu nimwache. Siku chache baadaye, niliporudi kutoka kazini, nikaikuta ngozi kwenye makumbi, nzima, kuanzia mdomoni hadi mkiani, nyepesi kama ganda la kitunguu. Chatu mwenyewe aling'aa, mpya. Niliishika ile ngozi nikawaza kwamba hii ndiyo mume wangu aliyokuwa akiipapasa jioni akitazama habari. Hii mpya hakuigusa kamwe. Hata hapo sikulia. Niliikunja nikaiweka mezani, kwa kuwa sikujua ngozi ya nyoka inawekwa wapi.

Ijumaa ya mwisho, siku moja kabla ya mtu wa duka kuja, wifi alifika mchana kunisaidia kupanga nguo za marehemu zikatolewe sadaka. Aliketi sebuleni na mashati, anayakunja moja moja na kuyanusa akidhani simwoni. Mimi nikaachiwa kabati la chumbani. Nilitoa suruali za sare za basi, nikatoa sweta. Nikaichukua ile ngozi ya nyoka, nikafungua droo ya soksi zake niitie humo, ili angalau iwe na vitu vyake. Chini ya soksi palikuwa na kitu kimefungwa kwenye taulo. Nikafungua. Ilikuwa mashine ya kukaushia nywele, séchoir.

Mume wangu alikuwa na upara tangu tulipooana. Niliwahi kuiona mashine hiyo mara moja, mwisho wa kiangazi, nikamuuliza, "Mzee, unakausha nini?" Akapapasa kichwa chake akasema, "Mawazo." Nikaenda zangu nikicheka na kuisahau. Sasa niliigeuza mkononi. Nyuma yake, kwenye kile kichujio kinachovuta hewa, palikuwa na nywele zimenasa. Nyeupe. Fupi, laini, nyeupe pe.

Nasema ukweli: jambo la kwanza nililowaza ni mwanamke. Tena mzungu mzee. Nilisimama na séchoir ya mume wangu mkononi nikamwona kabisa huyo bibi, na shanga zake, na mbwa wake. Hata wivu haukuja. Nikangoja uje, haukuja. Nikazivuta nywele kwa kucha nikaziangalia dirishani. Kisha nikazinusa.

Zilikuwa za panya.

Nikaenda jikoni. Panya wa Ijumaa ile, wa mwisho kwenye kopo, alikuwa tayari ndani ya bakuli la maji, ameshayeyuka, amelegea. Nikamkausha, nikambana kwa koleo, nikaingia naye chumba cha nyuma na kufunga mlango. Yule mtu alisema moto, siyo tiède. Nikachomeka séchoir, nikaielekeza kwenye kichwa cha panya, nikawasha.

Ikavuma.

Niliufahamu mvumo ule kabla sijaelewa kwa nini naufahamu. Ulikuwa ndio ule wa kila Ijumaa baada ya alasiri, nyuma ya mlango wa sebule, niliodhani ni wa kufyonza makumbi. Mikono yangu ikaendelea na kazi, nywele nyeupe zikipepea, na masikio yangu yakaanza kusubiri. Yalikuwa yanajua kinachofuata. Mvumo ukatike, kipite kimya, mlango ufunguke, aseme mama, tayari, chai. Nikazima. Kimya kikapita. Nilikuwa nimeinamisha kichwa upande wa mlango.

Chatu alikuwa ameshatoka. Hakungoja nitikise. Nilipofungua kioo na kuingiza koleo, shingo yake ilikuwa imejipinda herufi S, na kabla sijamaliza kupumua alimrukia panya, akampokonya kwenye koleo, akamzungushia mwili mara tatu. Nikapiga kelele. Niliangusha koleo, nikaketi sakafuni kati ya masanduku.

"Wifi!" Sauti kutoka sebuleni. "Iko nini iyo mashine? Unakausha nywele? Eda haiyaisha!"

Nikataka kumjibu kwamba ni ya mzee. Nilifungua mdomo na neno likatoka, "Ya mzee," halafu kikatoka kitu kingine nyuma yake, sauti ambayo sikuijua kuwa yangu, na nikalia. Nililia kwa nguvu, kama watoto wanavyolia sokoni, kamasi na kila kitu. Kiliniuma kila mahali kwa pamoja. Nilikuwa namtaka mume wangu. Nilimtaka pale pale, na upara wake na panya wake.

Wifi akafungua mlango, shati la kaka yake begani. Akanitazama mimi, akatazama kioo. Chatu alikuwa ameanza kumeza, kichwani kwanza, taya zikitambaa polepole.

"Amekula," akasema wifi. "Sasa unalia nini?"

Nikamwambia. Nilimweleza habari ya mkono wa koti, na saa za kutazama wagonjwa, na sentensi yenyewe yote, neno kwa neno. Nilidhani atakasirika, maana yeye ndiye aliyewaambia watu wote kuhusu shahada. Alinisikiliza akiwa amesimama. Kisha akaingia chumbani, akashuka taratibu akishika goti, akaketi sakafuni kando yangu, karibu na kioo kuliko alivyowahi kufika.

"Alisema Ijumaa?"

"Alisema Ijumaa. Usisahau, alisema."

Wifi akafuta macho kwa mkono wa lile shati. Tulikaa tukimtazama chatu mpaka ukabaki mkia wa panya tu, na mkia nao ukaingia. Akapiga miayo mikubwa mara mbili kurudisha taya mahali pake, akatambaa kwenda upande wa joto.

"Bon," akasema wifi. "Ule mutu wa duka, umupigie asikuye kesho." Akalirudisha shati begani. "Na Ijumaa ingine, panya ataleta nani?"

"Eda itakuwa imekwisha," nikasema. "Nitakwenda mwenyewe."